Fundi wa Asilimia Mbili

Foleni ya duka kubwa ilikuwa imeshapinda mara mbili, imepita rafu za sabuni na kufika kwenye unga, na kila aliyekuwa ndani yake alikuwa na sura ya mtu aliyeonewa. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mshonaji alisimama amekumbatia mfuko wa mchele, chupa ya mafuta na mche wa sabuni, noti zake amezifumbata kiganjani mpaka zimelowa jasho. Alivaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe. Mikono ya gauni ilikuwa ya maua kwa sababu kitambaa cha kijani kilimwishia njiani, lakini watu walidhani ni mtindo, naye hakuwasahihisha.

"Samahani, dada," sauti ilisema nyuma ya sikio lake. "Hizo noti zako, naomba nikusaidie kuzibeba."

Aligeuka. Aliona ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, na bisibisi mbili zimechomekwa mfuko wa kifuani kama kalamu za mwalimu. Juu ya ovaroli kulikuwa na tabasamu.

"Unibebee noti?"

"Unanipa taslimu, mimi nakulipia kwa kadi yangu. Bei ile ile. Hupotezi hata senti."

"Na wewe unapata nini?"

"Napata kukujua," alisema. Kisha, kama mtu anayeona aibu kusema uongo, akaongeza, "Na asilimia mbili."

Mshonaji alizikaza noti zake. Ni keshia aliyemwokoa, akipaza sauti kutoka kwenye kiti chake: "Mpe tu, mdogo wangu, usiogope! Huyo ni fundi friji, sisi tunamwita Asilimia. Tangu asubuhi ameshalipia nusu ya foleni."

Alimpa. Kadi iligusa mashine, mashine ikalia, na mchele ukawa wake. Nje ya duka, penye kelele za matoroli, fundi alimbebea mfuko bila kuombwa.

"Mbona husemi kitu?"

"Sina la kusema."

"Basi nitakuita Kimya. Kimya, nikueleze habari za kadi?"

Alimweleza kama mtu anayesimulia posa. Walikuja wachumba watatu, alisema. Wa kwanza alikuwa mzuri sana, alitaka kumrudishia sita kwa kila mia, ila kwenye hoteli na ndege tu. "Mimi nina bisibisi na mtungi wa gesi, nisafiri kwenda wapi?" Wa pili alirudisha tatu, lakini kila mwaka alitaka ada, na ada ilimeza zile tatu zote. Wa tatu hakuwa na sura. Alirudisha mbili tu, popote, kwa kitu chochote, bila ada.

"Ukaoa huyo wa tatu."

"Nikaoa huyo. Asiye na makuu."

Kimya alicheka. Alikuwa na cheko la chini, lililotokea puani, na alilificha kwa kiganja. Fundi alilisikia hivyo hivyo, na kabla hawajafika kituoni alikuwa ameomba namba ya simu.

Simu zilianza siku hiyo. Alimpigia akiwa juu ya ngazi, akiwa nyuma ya friji ya watu, mdomoni ana skrubu.

"Kimya wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe toa skrubu kwanza, utaimeza."

"Umejuaje?"

"Unasema kama mtoto anayeota meno."

Alimfundisha mengi. Ukinunua kwa kadi, alisema, benki inakungoja mpaka siku arobaini na tano. Ukilipa zote kabla ya tarehe, hawakutozi riba hata senti. Ukibakiza hata kidogo, wanakuhesabia tangu siku uliyonunua, kama vile hawakuwahi kukupenda. Kimya naye alimweleza habari za mchezo wao pale kwenye chumba cha kushonea: washonaji kumi na mmoja, kila Ijumaa kila mmoja anatoa kiasi kile kile, na mmoja anachukua zote. Zamu yake ilikuwa ya mwisho.

"Hiyo ndiyo mikopo ya kweli," fundi alisema. "Haina riba, haina fomu. Na asipolipa mtu?"

"Mama mkubwa anabeba kiti chake anakwenda kukaa mlangoni kwake. Anakaa na sufu yake anafuma. Hasemi kitu."

"Mwambie mama mkubwa benki inamtafuta impe kazi."

Mama mkubwa, dada wa mama yake Kimya, ndiye aliyekuwa mwenye chumba cha kushonea. Kimya alikuwa ameshona chini yake kwa miaka tisa, meza ya pembeni, penye giza, sare za shule na mapazia. Alitaka chumba chake. Alitaka mlango wenye taa juu na mashine ya ovaloki, ya kupindia kingo za vitambaa, isiyo ya kuazima. Fundi alipojua hilo alizunguka wiki mbili, akavipata vyumba viwili vilivyotazama barabara, kila kimoja na mlango wake. Mwenye nyumba, muuguzi mstaafu, hakutaka kuvitenganisha, na alitaka kodi ya miezi sita mkononi.

"Nusu kwangu, nusu kwako," fundi alisema walipokwenda kuvitazama, wakikanyaga rangi iliyobanduka. "Huku friji, huku cherehani. Nikikukumbuka nagonga ukuta."

"Na mimi nikikuchoka?"

"Unagonga zaidi."

Alimshika mkono, akafuata kwa kidole makovu madogo ya sindano. Akasema kwamba kodi ikishalipwa atakwenda kwa mama mkubwa na maneno yake ya posa, amevaa shati. Usiku ule Kimya alimwambia mama yake, na mama yake akalia kwa furaha, jambo lililomtia Kimya hofu.

Zilibaki wiki tatu kabla ya zamu yake alipotumwa kununua zipu upande wa pili wa mji. Alikatiza ndani ya duka jingine kubwa, lenye milango ya vioo, ili apate ubaridi. Akaisikia sauti.

"Hizo noti zako, dada, naomba nikusaidie kuzibeba."

Mwanamke alikuwa amevaa gauni la njano, na alijua kucheka bila kujificha. "Na wewe unapata nini, kaka?"

"Napata kukujua."

Kimya alirudi bila zipu.

Kwa siku tatu simu iliita mezani, ikitetemeka katikati ya vifungo, naye akashona. Siku ya nne fundi alitokea mlangoni, ovaroli haijapigwa pasi. Cherehani zote zikanyamaza kwa pamoja.

"Zishone!" mama mkubwa aliwaambia. Kisha akamtazama fundi toka kichwani hadi miguuni. "Na wewe, baba, kama ni mambo ya friji, yetu ni nzima."

Walitoka wakasimama kwenye korido, katikati ya marobota ya vitambaa.

"Nilikuona na wa njano," Kimya alisema.

"Yule simjui hata jina!"

"Mimi pia ulikuwa hunijui jina. Maneno ni yale yale."

"Ni maneno ya kazi, kipenzi. Ni kwa ajili ya asilimia tu."

Angeweza kuishia hapo, na labda wangecheka. Lakini Kimya alikuwa amekaa siku tatu na jambo moja, akilipima kama anavyopima kitambaa kabla ya kukata.

"Asilimia mbili ya mchele wangu," alisema polepole, "haifiki hata nauli yako ya kwenda kwenye lile duka. Unaacha kazi, unapanda gari mara mbili, unasimama foleni kutwa. Mtu hafanyi hivyo kwa asilimia mbili. Unatafuta nini kwenye zile foleni?"

Tabasamu la fundi lilikuja, likakosa pa kukaa.

"Taslimu," alisema.

Alimweleza akitazama marobota. Miaka miwili nyuma alitengeneza friza la muuza nyama, akasahau kukaza kifuniko cha vali ya gesi. Gesi ilivuja Ijumaa mpaka Jumatatu, nyama yote ikaoza. Muuza nyama alitaka fidia siku hiyo hiyo, mkononi. Fundi akaenda na kadi yake kwenye mashine ya kutolea pesa. "Nilidhani siku arobaini na tano ni za kila kitu. Kumbe ni za kununua tu. Taslimu haina siku hata moja, Kimya. Riba inaanza pale pale mashine inapotema noti." Alichukua kadi ya pili ili imsaidie ya kwanza. Alichukua ya tatu ili iisaidie ya pili. Taslimu za watu wa foleni zilikuwa njia pekee iliyobaki ya kupata noti bila riba: leo anazipata, kesho zinalipa kadi nyingine, na ile iliyolipia mchele inampa siku zake arobaini na tano za kupumua.

"Wachumba watatu," Kimya alisema.

"Wote niliwaoa."

"Noti zangu zilikwenda wapi?"

"Kwenye kadi ya pili."

"Na nusu yako ya kodi?"

Cherehani zilikuwa zinaenda ndani, zote kumi.

"Ilikuwepo," fundi alisema. "Wiki iliyopita ilikuwepo. Nilidhani nitaizungusha mara moja tu kisha nairudisha."

Kimya hakumpigia kelele. Angekuwa mtu wa kelele labda angemponya. Alirudi mezani, akavaa kastabini yake, na ilipofika jioni aligundua ameshona suruali nzima, mguu mmoja ukitazama mbele na mwingine nyuma.

Ijumaa ya zamu yake ilifika. Wanawake waliweka noti juu ya meza ya kukatia, wengine wakimtania kuhusu shati la bwana harusi, na mama mkubwa akazifunga kwa kipande cha lastiki. Kimya alimpigia fundi akiwa bado mlangoni.

"Njoo kesho kwenye vile vyumba. Mwenye nyumba amekubali miezi mitatu kwanza."

Alikuja na boksi la vifaa vyake. Aliingia chumba cha kushoto, akapiga magoti, akaanza kumfungia soketi nene kwa ajili ya ovaloki, kwa maana ile ya zamani ingeungua. Jua la asubuhi lilikuwa limefika katikati ya sakafu. Kimya alimwekea bahasha juu ya boksi.

"Hii si ya kodi. Kodi nimelipa. Hii imebaki. Anza nayo kwenye ile kadi mbaya zaidi."

"Ondoa."

"Nakukopesha. Bila riba. Bila tarehe."

"Ndiyo maana naogopa." Alikuwa anamenya waya, hakuinua kichwa. "Wenye tarehe nawajua, nimeshawazoea. Wewe peke yako duniani ndiye nisiye na deni lako. Niachie hilo."

"Uliniahidi nusu. Hilo si deni?"

Mkono wake ulisimama. Kisha ukaendelea.

"Nimekwenda benki," alisema. "Nimewapelekea kadi zote tatu, wamezikata mbele yangu. Riba itasimama, lakini wanataka mtu wa mshahara, wawe wanakata wenyewe kila mwezi. Nimepata kazi kwenye maghala ya baridi ya matunda, huko mbali, siku mbili kwa basi. Nalala kazini."

"Muda gani?"

"Miaka mitatu na miezi minne."

Alikaza skrubu ya mwisho. Kimya alikuwa na neno moja, aliliona limekaa kabisa mbele ya mdomo, na neno lenyewe lilikuwa *ningojee niseme nitakungoja*, yaani si neno moja, ni mengi, na katika kuyapanga alichelewa.

"Usinihesabie siku," fundi alisema, akasimama, akajipangusa magoti. "Naomba hilo. Usinihesabie."

"Na shati?"

"Shati lipi?"

"La kwenda kwa mama mkubwa."

Alijaribu kucheka. Badala yake alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, mikono iliyonuka shaba na grisi, akaweka paji la uso wake juu ya la kwake, na wakakaa hivyo mpaka mwenye nyumba akakohoa nje. Alipoondoka na boksi lake bahasha ilibaki juu ya sakafu, na soketi ilifanya kazi.

Miezi miwili Kimya alikaa na vyumba viwili. Chumba cha upande wa kulia, kilichokuwa kiwe cha fundi, alikifagia kila Jumatatu. Wateja walikuja, si wengi, na kila Ijumaa alipeleka mchango wake kwa mama mkubwa, maana mzunguko mpya ulikuwa umeanza, na aliyetoka kupokea ndiye hasa hatakiwi kukosa. Mwezi wa tatu, bahasha imeshaisha, alitoa pesa ya chakula cha mama yake ili atimize. Mwenye nyumba alipita akasema kuna msusi anatafuta chumba, tena ana taslimu.

Fundi alipiga siku msusi alipohamia. Nyuma yake zilivuma mashine za baridi.

"Kimya wangu. Umekula?"

"Nimekula. Chumba chako nimekipangisha."

Mashine zilivuma.

"Kwa nani?"

"Msusi. Amelipa miezi sita."

"Umefanya vizuri," alisema. "Umefanya vizuri sana. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo."

Kimya alitaka fundi agombe. Alitaka aseme kile ni changu, mwondoe, na angemwondoa msusi siku hiyo hiyo pamoja na viti vyake.

"Ukuta ni mwembamba?" fundi aliuliza.

"Unajua mwenyewe."

"Basi," alisema, "kazi njema, mama," kwa sauti ile anayoaga nayo wateja.

Upande wa pili msusi alikuwa ameanza kupigilia misumari ya kutundikia kioo. Kimya aliweka simu chini, akaenda kuweka kiganja ukutani. Kila pigo lilimfikia mpaka kwenye kiwiko. Alisimama hapo mpaka kioo kilipokaa sawa na nyundo ikanyamaza, kisha akarudi kwenye sare, kwa sababu zilitakiwa Jumatatu.