Nafasi Kando ya Mama

Kila siku nikitoka shule nilipitia kazini kwa baba. Chumba chake kilikuwa nyuma ya jumba la makumbusho, kina meza ndefu, kamera iliyofungwa juu ya nguzo, na taa mbili za miguu mirefu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza picha za kuchorwa zilizochakaa. Wenzake walimwita Bwana Kabla, kwa sababu hakuchoka kusema, "Kabla ya kugusa, piga picha." Mimi nilimtania kwamba ipo siku atapiga picha chakula, mbele na nyuma, ndipo ale.

Alipiga picha ya mbele, ya nyuma, kisha alizima taa kubwa na kuwasha moja tu ya pembeni, chini karibu na meza. Hapo kila ufa na kila uvimbe wa rangi ulitupa kivuli na kuonekana waziwazi. "Mwanga wa pembeni hauna siri," alisema. "Unatoboa yote."

Picha moja tu hakuipiga. Ilichorwa na mama, aliyefariki nilipokuwa na miaka minane. Alikuwa amejichora mwenyewe ameketi kwenye benchi, amevaa gauni la buluu, akitabasamu kuelekea upande wa pili wa benchi, ambao ulikuwa mtupu. Hakuwahi kuimaliza. Kwa miaka mitatu ilikaa kabatini, imefunikwa shuka. Nikimuuliza baba, alijibu, "Wiki ijayo, mwanangu." Wiki hiyo haikufika.

Jumatano moja baba aliitwa kwenye mkutano, nikabaki peke yangu. Nilimkumbuka mama sana siku ile, basi nikafungua kabati. Kwenye ile nafasi tupu ya benchi niliona mistari na madoa meupe, hafifu. Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimemwona baba akiondoa ukungu mweupe kwenye picha nyingine. Nikadhani ukungu umeanza kumla mama. Nilitaka baba aikute safi, pengine angepata moyo wa kuitazama.

Nikachovya kitambaa kwenye maji ya sabuni, nikasugua. Weupe wote ukatoka, nikajipongeza. Kisha nikaona chembe za buluu kwenye kitambaa. Nilikuwa nimepitiliza hadi kwenye gauni. Nilirudisha picha kabatini haraka, kitambaa nikakitia mkobani.

Kesho yake nilikuta picha ipo mezani na taa ya pembeni imewashwa. Baba alikuwa amehisi harufu ya unyevu alipofungua kabati. Duara zilizoachwa na kitambaa zilionekana moja moja, na rangi ya gauni ilikuwa imeanza kujikunja kama maganda ya kitunguu.

"Umeigusa?" aliniuliza.

"Hapana, baba."

Akamwita mama wa usafi, ambaye kila siku alinigawia nusu ya chai yake.

"Ufunguo wa chumba hiki tunao wawili tu, dada yangu," baba alisema. "Mimi na wewe. Itabidi nimweleze mkuu wa makumbusho."

"Kaka, mimi sakafu ndiyo kazi yangu. Hilo kabati sijawahi hata kulipangusa vumbi." Akaketi, akafuta macho kwa pindo la aproni. "Miaka kumi na moja sijavunja hata kikombe. Leo niondoke hapa kama mwizi?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Na hata sijui nianzie wapi," baba aliendelea. "Kama ni maji matupu, naiacha ikauke taratibu. Kama kuna sabuni, isipotolewa leo rangi itaendelea kubanduka. Gauni lote litakwenda."

"Ni sabuni," nilisema. "Ile ya vikombe. Ni mimi, baba. Niliona ukungu."

"Ukungu wapi?"

Nikamwonyesha. Baba alivuta kiti, akaketi.

"Haukuwa ukungu, mwanangu. Ilikuwa chaki. Mama yako alianza kwa chaki kila kitu kabla ya kukipaka rangi. Pale alikuwa amekuchora wewe."

Nililia mpaka kwikwi zikanibana. Mama wa usafi, niliyemwacha alaumiwe bure, ndiye aliyenikumbatia. Baba alimwomba radhi, nami nikamwomba. Kisha baba aliipiga picha, akaanza kutoa sabuni kwa pamba, kidogo kidogo. Kufikia jioni gauni lilikuwa limetulia.

"Ilipigwa picha zamani?" niliuliza. "Hata ya simu?"

"Haikupigwa. Mimi ninayewahimiza watu kila siku, hii sikuipiga. Niliogopa kumtazama."

"Basi unichore wewe tena pale."

"Siwezi. Mkono wangu si wa mama yako. Nikichora, nitakuwa nimemsingizia." Akanishika bega. "Sikiliza. Kukosea tumekosea wote wawili. Ila ulipoficha, mtu asiye na hatia alikaribia kupoteza kazi, na sisi tulikaribia kupoteza gauni. Uliposema, hivyo viwili vimepona. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa."

Akatoa fomu ya kumbukumbu ya picha ile, akanipa kalamu. Akafumba macho.

"Andika. Mtoto ameegemea bega la mama yake. Mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Amefungua mdomo, anacheka."

Niliandika kila neno. Chini yake palikuwa na mstari wa jina la aliyesababisha uharibifu. Nikaandika langu.