Nyaya Mbili Nyeusi

Gurudumu la mbele la pikipiki ya Hansa lilivunja ukoko wa chumvi kama kijiko kinavyovunja ukoko wa wali. La nyuma, lenye mota ndani yake, likafuata. Pikipiki ya umeme ikakaa tumboni kwenye tope, na Hansa akaanguka ubavu.

Labhuben, mama mkwe wake, alikuwa nyuma yake kwenye pikipiki kuukuu, mjukuu kafungwa kifuani. Alivuta breki, akasimama kando ya tope.

"Si nilikwambia ufuate alama za trekta?"

"Alama zenyewe ziko wapi, Ba? Upepo umezifagia," akajibu Hansa, ambaye humwita mkwewe Ba, yaani mama.

Ni kweli, zilikuwa zimefagiwa. Mbele weupe, nyuma weupe, na upande wa magharibi wingu lilikuwa limeinama kama ng'ombe anayekunywa maji. Mvua isiyo ya msimu wake. Ikinyesha, Rann, jangwa lote hili la chumvi, hugeuka uji, na hakuna tairi wala mguu unaopita.

Kirit, mtoto wa miezi minane, alikuwa akihara tangu juzi. Baba yake, Vinu, alikwenda na trekta kuleta maji ya kunywa na hajarudi, simu haishiki. Ndipo wanawake wakaondoka kambini kwenda zahanati ya kijijini kwa pikipiki mbili, maana wavuna chumvi hawavuki jangwa na chombo kimoja. Labhuben alimshika mtoto utosini. Ulikuwa umebonyea kama bakuli. Mtoto alilia, lakini jicho lilikuwa kavu, bila chozi.

Walivuta pikipiki ya Hansa hadi ikatoka. Hansa akazungusha mshiko wa kuongeza mwendo. Mota ilipiga ukelele, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza.

"Imekufa," Hansa akasema.

"Yangu je?" Labhuben alitazama kioo cha pikipiki yake. Kimebaki kijimstari kimoja cha chaji, chekundu. Betri yake ilikuwa mzee mwenzake: hujaa asubuhi, huchoka kabla ya chai.

"Kilomita kumi na tisa hadi kijijini," Hansa akasema. "Hiyo haifiki hata tano. Ba, mwanangu…"

"Mnyweshe. Kijiko kimoja kimoja. Usimwage."

Hansa alitoa chupa ya maji yenye sukari na chumvi kidogo. Ilikuwa nusu. Labhuben akasimama katikati ya pikipiki mbili: moja ina miguu haina nguvu, moja ina nguvu haina miguu.

"Tuhamishe betri," akasema.

"Haziingiliani! Zimetoka viwanda tofauti. Ya kwangu kubwa kama sanduku la bibi harusi, na plagi hazivaani."

"Soma namba."

Hansa akafuta vumbi kwa kiganja. Volti sitini kwenye betri hii, sitini kwenye ile. Labhuben akashusha pumzi. Vinu huwaambia kila siku: namba zikitofautiana, usiguse.

Sanduku la betri ya Hansa halikuingia chini ya kiti cha Labhuben, basi wakaliweka pale pa kukanyagia. Labhuben akatoa kisu cha kukatia kamba. Alikata plagi waya mmoja mmoja, asiuache mmoja umbusu mwenzake, akamenya ncha. Upande wa pikipiki yake, nyekundu na nyeusi. Upande wa betri ya Hansa, nyeusi na nyeusi.

"Hizi ni nini?"

Hansa akajishika kichwa. "Vinu! Plagi ilipoungua aliunga kwa vipande vya waya wa pampu. Akasema nyeusi zote ni moja, atakumbuka mwenyewe."

"Kichwa chake hicho! Chumvi aikumbuke, chanya asiikumbuke!"

Wakatazamana. Wakikosea, kile kisanduku kinachoongoza umeme kitaungua mara moja, na hakuna mara ya pili. Tone la kwanza likaanguka kwenye kiti. Kirit alikuwa ameacha kulia, na ukimya huo ulimtisha Labhuben kuliko wingu.

"Chagua mmoja, Ba! Chagua tu!"

"Nyamaza nifikiri."

Akakifikiria kisima cha maji ya chumvi, na mwaka ule nyaya za pampu zilipotumbukia zikiwa na umeme wa jua. Mmoja ulichemka povu kama maziwa. Mwingine uliliwa hadi ukawa kijani, na Vinu alilazimika kuununua upya. Ule ulioliwa ulikuwa upi? Alifumba macho. Alimwona Vinu akiushika, akilaani: chanya, kila siku chanya ndiyo inayoliwa.

Akapiga magoti, akachimba kwa kisu. Kina cha mkono tu, maji machungu yakachuruzika ndani ya shimo. Jangwani maji yapo kila mahali, ila huwezi kuyanywa.

"Kausha mikono. Tandaza kanga juu yangu iwe mwavuli."

Akazungushia nyaya kitambaa kikavu, akatumbukiza ncha mbili, shibiri moja kati yao. Hesabu moja, mbili. Kushoto povu likachemka. Kulia kukanuka kama dawa ya kung'arishia nguo, na ncha ikaanza kupata ukijani.

"Wa kulia ni chanya. Uunge na nyekundu."

"Una hakika?"

"Sina. Unga."

Hansa akaunga, akafunga maungio kwa mfuko wa plastiki, akavua ushungi wake akalikaza sanduku. Labhuben akageuza ufunguo huku akiwa amegeuza uso.

Taa ikawaka. Mistari yote.

Hansa aliendesha, miguu ikibana betri. Labhuben nyuma, mtoto katikati yao. Jua halikuonekana.

"Upepo uwe kwenye shavu lako la kulia," Labhuben akapiga kelele. "Ukikupiga puani, umepotea!"

Mvua iliwakimbiza. Mara mbili gurudumu liliyumba kwenye uteute, mara mbili Labhuben aliruka akasukuma, akapanda tena. Alihesabu pumzi za mtoto kwa kiganja. Hatimaye vichaka vya miiba vikatokea, kisha minara ya simu, kisha kijiji.

Kwenye kibanda cha chai alikaa Bhikhabapa, baba mkwe mkubwa wa ukoo, ambaye wake wa ukoo humfunikia kichwa. Hansa, kichwa wazi mbele yake kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akapunguza mwendo.

"Kaza!" Labhuben akamfinya. "Aibu hainyweshi mtoto!"

Mzee aliona. Akaangusha kikombe, akakimbia mbele yao peku hadi zahanati, akimwita nesi.

Mshipa ulipatikana kwa sindano ya tatu. Dripu ikadondoka. Wanawake wawili walikaa sakafuni, chumvi imewakauka hadi magotini, mkono wa mmoja ndani ya mkono wa mwenzake. Wala hawakukumbuka nani alianza kuushika.

Chupa ya dripu ilipofika nusu Kirit alikunja uso, akalia. Kitu kikang'aa kwenye kope. Labhuben akakigusa kwa kidole, akakionja.

"Nini, Ba?"

"Chumvi," akasema, na yeye naye akaanza kulia.