Mafiga ya Darajani

Kaka yangu Dionisi alikuwa mbishi tangu tumboni. Mimi ni mdogo wake, nimekula naye sahani moja, kwa hiyo atakayesema namsingizia na aje tuonane.

Mwaka ule wa mvua za Elinino maji yaliingia mpaka jikoni kwetu, huku bondeni ng'ambo ya Namawala. Yalipopungua, mafiga yetu ya udongo yalikuwa yameyeyuka. Bonde letu ni tope tupu. Ukitaka jiwe la kuinjikia sufuria, utalitafuta mpaka uchoke. Asubuhi moja ya jua zuri Dionisi akapanda baiskeli, akaenda Daraja la Mawe, akarudi na mawe matatu yaliyochongwa pande zote. Alikuwa ameyang'oa ukingoni. Mkewe Merina, aliyekuwa na mimba kubwa ya kwanza, akafurahi na kubandika wali hapo hapo.

Daraja hilo lilijengwa enzi za Wajerumani. Lina matao matatu juu ya mto, mawe yameshikana kwa chokaa, na mafuriko yaliyobeba nyumba na ng'ombe hayakulitikisa. Mama yetu alisimuliwa na babu yake kwamba kila jiwe lilitoka milimani juu ya kichwa cha mtu. Aliyeanguka kwa uchovu hakuzikwa. Alijengewa humo humo darajani, chini ya jiwe alilolibeba.

"Yarudishe," mama alimwambia. "Mawe yale yana wenyewe."

"Wenyewe ni Wajerumani, mama. Basi waje wadai!"

Sikio la kufa halisikii dawa.

Moto uliwaka vizuri, wali ukanukia. Merina alipofunua sufuria, ilikuwa tupu, hata ukoko hakuna. Akapika tena. Tupu. Nilimshuku paka, kisha nikamshuku Merina mwenyewe. Majirani walituletea ugali, nao ukaisha mara tu ulipoingia jikoni. Wakaacha kuleta. Wakaanza kusema wifi yangu ni mchawi, na wanawake kisimani wakawa wanamwondokea akifika. Tuliishi kwa miwa na maembe. Merina akakonda, likabaki tumbo, na mtoto ndani akaanza kupunguza kucheza. Hapo niliogopa kweli.

Mchana mmoja alipita Makoye, Msukuma anayechunga ng'ombe nyuma ya shamba letu. Ng'ombe wake waligoma kukaribia uani.

"Shikamoo, mama. Habari za wageni?"

"Marahaba. Wageni gani, mwanangu?"

Akashusha sauti. "Hao watatu waliochuchumaa jikoni. Nimewasalimia, hawajaitikia. Mbona shingo zao zimelala hivyo?"

Tulikimbilia jikoni. Hapakuwa na mtu. Mfuniko wa sufuria ulikuwa chini, bado unazunguka.

Dionisi hakucheka tena. Merina alikuwa amelala sakafuni, hana hata nguvu ya kulia. Mama akasema mawe yarudi kama yalivyokuja mara ya kwanza: kichwani, si kwa baiskeli.

Jiwe la kwanza alilirudisha, likakaa mahali pake. La pili vile vile. Safari ya tatu mimi na mama tulimfuata, maana alikuwa anayumba. Jua lilikuwa bado kali. Ndege hawakulia. Maji chini ya matao yalikuwa kimya.

Dionisi akasimama.

Pengo la tatu halikuwepo. Ukingo ulikuwa umeziba. Chokaa ilikuwa mbichi.

"Natalia," akanong'ona. "Nitue."

Nikanyoosha mikono. Nani asiyemtua mwenzake mzigo? Mama akanidaka.

"Ukilipokea, ni lako."

"Nitue, mdogo wangu. Linazidi kuwa zito."

Sikumtua. Nilimpenda kaka yangu na sikumtua, na leo mkinirudisha pale sitamtua. Miguu yake ikaanza kwenda. Macho yalikuwa yanatutafuta, miguu inaelekea milimani. Tulimwita mpaka sauti zikakauka. Hakugeuka. Nadhani hakuweza.

Vijana wa kijiji walimfuata kwenye tope. Walikuta nyayo za watu wengi, zote za peku, zimezama sana, zinakwenda upande mmoja. Wakarudi wakikimbia.

Jioni ile Merina alikula wali akashiba.

Alijifungua wakati wa mavuno. Mtoto wa kiume, mzima, sauti yake kali. Evelina, mkunga wa kijiji, alimpangusa, akampapasa kichwa, kisha akaurudisha mkono haraka. Mama akauliza kuna nini. Evelina akanivuta nami niguse.

Utosi wa kichanga huwa laini, unadunda. Wa huyu ulikuwa bapa na mgumu, una sugu kama kisigino cha mkulima.

"Huyu," Evelina akanong'ona, "amebeba nini?"