Wimbo Usio na Mwenyewe

Kulikuwa na unywele kwenye chai. Katika saluni ile si jambo la kushangaza. Mwenye saluni, ambaye wateja walimwita Bi Chanuo, alikuwa amekunywa nywele za watu miaka nenda miaka rudi na hakuwahi kuumwa hata tumbo. Akaushika kwa vidole viwili, akavuta. Ukaja. Ukaendelea kuja, mrefu, una utelezi kama kamasi, mpaka ukamfika kwenye kiwiko, na chai yenyewe ikaanza kunuka mdomo wa mtu mgonjwa.

"Kasuku! Vikombe unaoshea wapi?"

"Si palepale kila siku, dada," mdogo wake akajibu, kisha akarudi kwenye kuimba.

Jina la Kasuku alilipata kwa kuimba huko. Wimbo ukipigwa redioni asubuhi, mchana ameshaumeza wote. Na siku hizo mji mzima ulikuwa na wimbo mmoja tu:

*Njoo, mlango sijafunga,*
*kaa ninapokaa,*
*kula ninachokula,*
*nafasi yako ipo.*

"Hivi anaimbiwa nani?" aliuliza mwalimu mmoja, mteja wa siku nyingi, kichwa chake kimesukwa nusu. "Mimi nasema mpenzi aliyemtoroka."

"Ni mama yake," Kasuku alisema. "Amekufa, na mtoto hajazoea."

Chanuo likasimama kichwani mwa mwalimu. Mama yao alikuwa amefariki mwaka uliopita, na Bi Chanuo hakuwa amelia mbele ya mtu. Alizika, akanawa mikono, kesho yake akafungua saluni.

"Ni wimbo wa mapenzi," akasema kwa ukali. "Tena tuishie hapo."

Kasuku alivimba kwa hasira. "Haya, basi si wa mama wala si wa mpenzi. Ni wa yeyote anayesikia!" Akauimba kwa sauti kubwa, ameinamia sinki la kuoshea nywele, na kila mstari akaongeza: "Yeyote na aje!"

Ndani ya bomba la sinki kitu kikameza mate. Mwalimu alisikia, Bi Chanuo alisikia, na wote wawili wakajifanya hawakusikia.

Kazi ya Kasuku kila jioni ilikuwa kufagia nywele na kuzichoma uani. Siku zilizofuata pipa la uani halikutoa moshi, wala nywele hazikuonekana sakafuni. Bi Chanuo alifurahi kwamba mdogo wake ameacha uvivu, mpaka mchana mmoja alipokwenda stoo kuchukua taulo, akasikia mtafuno wa taratibu, wa mtu anayekula kwa raha zake, akasogeza pazia na kumkuta Kasuku amechuchumaa, mashavu yamejaa, nywele za wateja zinaning'inia mdomoni pamoja na mba na mafuta yao, naye anazisukuma ndani kwa kidole gumba huku koo likipanda na kushuka, na harufu iliyotoka humo ilikuwa ya sinki lililoziba.

"Kasuku, mdogo wangu, tema," akanong'ona.

"Nilikaribishwa," ilijibu sauti nzito, yenye maji. "Nakaa anapokaa. Nakula anachokula."

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye haraka. Alimnusa Kasuku kisogoni, akakunja uso.

"Wimbo haukuwa na mwenyewe, ndiyo maana huyu aliyemwingia amejichukulia," alimweleza Bi Chanuo pembeni. "Atakuuliza ni wa nani. Mtaje mtu aliye hai. Mwenye mwili wake hahitaji wa mwenzie. Marehemu usimtaje, hata ulimi usiteleze."

"Nitamtaja mume wangu. Huyo hata ukimwita kula haji kwa wakati."

Wakafunga mlango, wakamkalisha Kasuku kwenye kiti cha wateja. Kile kitu kikauimba wimbo wote, polepole, na nywele zikaanza kumtoka mdomoni na puani, zimelowa, zimeshikamana, zinamziba pumzi huku miguu yake ikipiga sakafu na macho yakimtoka, na katikati ya uchafu ule sauti ikauliza, "Wimbo huu ni wa nani?" na Bi Chanuo alipofungua mdomo kumtaja mumewe, mdogo wake akamtazama vilevile alivyomtazama kaburini, akingoja walie wote wawili.

"Ni wa mama," alisema, na kilio cha mwaka mzima kikamtoka.

Kasuku akatapika bonge la nywele, kubwa, la moto, likateleza lenyewe hadi kwenye sinki na kuingia bombani. Akavuta pumzi. Akamwita dada yake kwa sauti yake mwenyewe. Mganga alikuwa ameshabeba mkoba wake, na hakuaga.

Asubuhi Bi Chanuo alimwacha Kasuku amelala nyumbani, akaja kufungua peke yake. Redio ya jirani ilikuwa inaupiga ule wimbo. Sinki lilikuwa limefurika, na njia ya maji mazito ilitoka hapo hadi kwenye kiti cha wateja, ambacho kilikuwa kimegeuziwa ukuta. Nyuma yake zilining'inia mvi ndefu, zimelowa, zinadondosha matone.

"Mwanangu," ilisema sauti ya mama yake, ileile. "Si umeniita? Njoo unisuke."

Akamfikiria Kasuku kitandani, na mahali kitu hiki kingekwenda kama angekimbia. Akachukua chanuo. Kila lilipopita, nywele zilibanduka pamoja na ngozi na kumganda vidoleni. Alikisuka kichwa kile mpaka jioni, na kila alipotaka kutapika, sauti ya mama yake ilimwambia pole, mwanangu, pole.