Marthe na Mpira Uliogusa Udongo

Jua lilipochomoza, Marthe alikuwa amekwisha kuteka maji, kufagia uani na kumfungia baba yake chakula. Baba, mzee Kabongo, alikuwa mtia makaa kwenye garimoshi. Akitoka alfajiri, huenda asirudi mpaka kesho yake. Mama alikuwa amelazwa hospitali huko Elisabethville tangu kiangazi kianze. Kwa hiyo mdogo wake Albert akilia, ni Marthe. Chungu kikiungua, ni Marthe. Kazi haina huruma, jamani, na mtoto wa miaka kumi na mitatu ana mgongo mmoja tu!

Hata hivyo, baada ya masomo alikwenda uwanjani. Mamzeli Edith, muuguzi wa misheni ya Kamina, aliwafundisha wasichana kriketi. Mmoja hurusha mpira mgumu, mwingine huupiga kwa ubao, na nyuma yake, penye vijiti vitatu vilivyosimamishwa, huchuchumaa mlinda vijiti. Mpira ukigusa ubao, kisha mlinda vijiti akaudaka kabla haujafika chini, mpigaji ametoka. Mlinda vijiti wa Kamina alikuwa Marthe.

Mamzeli mwenyewe aliwahi kuwa mlinda vijiti wa timu ya wanawake ya taifa lake, Uingereza. Alipanda meli akaenda kucheza mpaka Australia. Kisha vita vikaja, vikala miaka yake mizuri, na vilipokwisha magoti yake yakakataa. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kama tangawizi. Wasichana walipomwuliza kama vilimuuma, alijibu, "Kila asubuhi. Mlifikiri mchezo ni bure?"

Jumamosi moja wasichana wa Luena walifika kwa treni. Timu itakayoshinda ingepelekwa Elisabethville kucheza na shule ya huko.

"Leo tunashinda," alisema Rehema, binti wa mfanyabiashara wa nguo. "Weye utaona mama yako, na minyi nitaona magari!"

Marthe alicheka kidogo. Usiku uliopita alikuwa amelala saa chache tu.

Mchezo ulikuwa mrefu na jua lilikuwa kali. Kuchuchumaa, kusimama, kuchuchumaa tena. Jioni ilipokaribia mapaja yake yalikuwa yanatetemeka. Luena walibakiwa na mpigaji mmoja, Lucienne, na walihitaji alama mbili tu washinde. Akitolewa huyo, Kamina wameshinda.

Mpira ukarushwa. Lucienne akaugusa kidogo, nao ukashuka upande wa kushoto. Marthe akajitupa. Mpira uligusa udongo kwanza, halafu ukaingia mkononi mwake. Hakuna aliyejua ila yeye.

Mamzeli ndiye aliyekuwa mwamuzi, lakini Lucienne alikuwa amemziba asione. Mamzeli akafanya alivyowazoeza siku zote: akamwuliza mlinda vijiti, kwa maana neno lake halikutafutiwa shahidi.

"Marthe, umeudaka?"

Marthe alimfikiria mama yake. Alifikiria pia kuketi. Kuketi tu, basi.

"Ndiyo, Mamzeli."

Loo, kelele zilizopigwa! Rehema alimrukia shingoni. Lucienne aliweka ubao chini taratibu. "Kama Marthe anasema, njo vile, nimetoka," alisema, akaanza kukusanya vitu vyake bila hasira yoyote. Hapo ndipo Marthe alipochomwa moyo. Afadhali angemtukana.

"Mamzeli!" aliita. "Nimesema uongo. Mpira uligusa chini."

"Weye uko na wazimu?" Rehema alifoka. "Na mama yako je?"

Marthe alirudi nyuma ya vijiti, akachuchumaa kwa magoti yaleyale yaliyochoka. Mpira uliofuata Lucienne aliupiga mpaka majanini, alama zikatimia, na safari ya Elisabethville ikawa ya Luena. Rehema akaondoka bila kuaga.

Mamzeli alimshika mkono akamwinua. "Sasa naweza kukuuliza tena siku nyingine," alisema. "Kunywa maji, mwanangu. Kisha nenda nyumbani ukamweleze baba yako."

Alimkuta baba jikoni, bado mweusi kwa makaa, anasonga bukari, yaani ugali. Marthe alimwambia yote huku analia.

"Baba, nilitaka kumuona mama. Nimechoka."

"Najua umechoka, mutoto wangu. Minyi nimekuachia mzigo mukubwa." Baba aliepua chungu, akaketi karibu naye. "Likizo yangu ikifika, tutapanda treni sisi wote. Iko mbali, kweli. Lakini sema: kama ungefika kule na ushindi ule, mama angekuuliza, 'Mulishinda namna gani?' Ungemujibu nini?"

Marthe alijifuta machozi. Hakuwa ameliwaza hilo hata kidogo.

"Umeona? Ungemupelekea mugonjwa uongo. Sikia, Marthe: uchovu, mutu akilala, unaisha. Uongo hauishi kwa kulala. Leo ulichoka sana, na bado ulisema kweli. Mama yako akisikia hiyo, atafurahi kuliko kuona timu kumi zikishinda."

Alimkatia tonge la kwanza, akamsogezea sombe, mboga ya majani ya muhogo. "Kula. Vyombo nitaosha minyi. Na Albert akilia, nitaamuka minyi."

Marthe alilala palepale, chakula kikiwa bado nusu.