Mwendo Ndani ya Mfupa

Ngo.

Mlio mmoja tu wa chuma, usiku, kutoka chumba cha Mjomba. Kisha sauti yake, imechoka: "Kimelegea tena."

Kulipopambazuka alikwenda kazini kama kawaida. Mjomba ni kinyozi. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti baada ya ajali ya gari iliyomuua mdogo wake. Madaktari wakampandikiza chuma ndani ya mfupa wa paja, ncha yake ikatokeza nje ya ngozi, na hapo ndipo alipochomeka mguu bandia. Mfupa ukishikana na chuma, mtu huihisi sakafu. Mjomba alijua mteja anaingia kabla hajageuza shingo.

"Una macho kisogoni?" walimtania.

"Ninayo pajani."

Lakini chuma hakikushika kwa muda mrefu. Walimpasua upya, wakaweka kinene zaidi. Miezi ya magongo, miezi ya mazoezi, kujifunza kusimama kama mtoto. Kikalegea. Wakampasua tena. Kikalegea. Mara hii daktari aliitazama picha ya eksirei, kisha akaisukuma mbali.

"Hakuna usaha, hakuna ufa. Kimezungushwa tu, kama skrubu inayofunguliwa. Nitajaribu mara ya mwisho. Kikikataa, nitakata hadi nyongani."

"Basi nitanyoa watu nikiwa nimelala," Mjomba alisema.

Hakuna aliyecheka.

Habari ya nyayo alizokuwa akizisikia hakumwambia daktari. Aliniambia mimi, mpwa wake, asubuhi ya kwenda kulazwa. Jua lilikuwa limejaa sebuleni. Alikuwa ameketi, mguu bandia umekanyaga sakafu, mara akanishika mkono.

"Kuna mtu anatembea."

Nilitazama. Tulikuwa wawili tu, na Bibi jikoni.

"Namsikia mfupani. Hatua, kimya. Hatua, kimya. Nausikia mguu mmoja tu. Unaburuta kisigino. Ndivyo nilivyokuwa nikitembea. Ule ni mguu wangu."

Jikoni kikombe kilianguka.

Bibi, mama yake, alitokea mlangoni.

"Nisamehe, mwanangu. Hospitali walinikabidhi mguu wako, nikauzika pamoja na mdogo wako. Walisema hata wewe hutaamka. Sikutaka alale peke yake. Nikamwambia kaburini: shika huu, mwenyewe anakuja."

Kumbe ndiyo sababu alipiga marufuku jina la marehemu nyumbani. Sisi tulidhani ni uchungu.

"Miaka yote hii!" Mjomba alifoka. "Nachanwa, nashonwa, nachanwa! Nailaumu mifupa yangu, nawatukana madaktari, na wewe unajua!"

Macho ya Bibi yalikuwa sakafuni, pale nilipokuwa nimetoka tu kupiga deki.

Unyayo. Mmoja. Wa kulia. Udongo mbichi, mwekundu.

Kisha mwingine, mbele yake.

Hatukumwona aliyekanyaga.

Mjomba alilikamata paja kwa mikono miwili. Chuma kilikuwa kinazunguka. Polepole. Nilikiona.

"Mama," alinong'ona. "Anakichomoa."

Bibi alipiga magoti mbele ya unyayo wa mwisho, akainua uso, kama anayemtazama mtu aliyesimama.

"Chiriku," aliita, jina lile alilotukataza. "Chiriku wangu. Mwache ndugu yako. Mama anakuja."