Chai ya Ghorofa ya Tisa

Wote kazini walimwita Mama Chai. Kila asubuhi alijifunga kilemba, akawasha jiko na kupanga vikombe kwenye kitoroli. Jiko lilikuwa ghorofa ya tatu. Wanywaji walikuwa ghorofa ya tisa. Katikati kulikuwa na lifti, na lifti hiyo, jamani, ilimtoa jasho!

Siku hiyo kulikuwa na kikao saa nne. Mama Chai alisukuma kitoroli hadi kwenye lifti. Taa ilionyesha kuwa lifti iko ghorofa ya kumi.

"Iko juu," alijiambia. "Mimi nataka ishuke, inifuate." Akabonyeza mshale wa chini.

Mlango ulipofunguka, alijitosa ndani kabla watu hawajatoka.

"Aa, mama! Tupishe basi!"

"Mguu wangu!"

Alibonyeza tisa. Lifti ikashuka hadi chini. Mama Chai akaduwaa. Si amebonyeza tisa? Watu wakaingia, wakajaa, na lifti ikasimama karibu kila ghorofa. Chai ilifika imechelewa, tena vuguvugu.

Msimamizi wake hakufoka. "Mama Chai, hii ni mara ya tano. Bado uko kwenye majaribio. Ijumaa nitaamua kama unabaki au unaondoka."

Nyumbani alimsimulia mumewe, fundi cherehani.

"Mishale ipo mingapi?" mume aliuliza.

"Miwili. Wa juu na wa chini."

"Bonyeza yote! Mmoja ukigoma, mwingine utaitika."

"Kwani wewe umewahi kupanda lifti?"

"Sijawahi. Lakini mashine nazijua."

Kesho yake Mama Chai alibonyeza yote. Lifti ikaja, ikambeba, ikashuka naye tena! Mlango ulipofunguka chini, mlinzi wa mapokezi alimwona na kitoroli chake.

"Dada, mbona unatuletea chai huku? Vikao si viko juu?"

"Kaka, hata sielewi. Nakwenda juu, inanileta chini. Kichwa kinaniuma! Na kazi yenyewe ndiyo hiyo inaponyoka."

"Ulibonyeza mshale upi?"

"Yote miwili."

Mlinzi alicheka. Alipoona machozi, akaacha. "Pole, dada. Sikiliza. Mshale hauiambii lifti ipande au ishuke ikufuate. Unaiambia wewe unakwenda wapi. Unapanda? Bonyeza wa juu tu."

"Hata kama lifti iko juu?"

"Hata kama iko mawinguni."

"Na nikibonyeza yote?"

"Itasimama kwako mara mbili. Mara ya pili mlango unafunguka, hakuna mtu. Waliomo wanasonya."

Mama Chai alishika mdomo. Kumbe!

"Halafu," mlinzi aliendelea, "simama pembeni ya mlango. Wanaotoka watoke kwanza. Ukiingia, sogeza kitoroli hadi nyuma. Ikiwa imejaa, subiri nyingine."

Ijumaa ikafika. Mama Chai alibonyeza mshale wa juu, akasimama pembeni. Mara msimamizi akaja, naye akanyoosha kidole kwenye mshale wa chini.

Mama Chai alisita. Amwambie? Huyu ndiye mwenye kazi yake mkononi. Anyamaze? Chai itachelewa tena.

"Samahani, bosi. Tunapanda. Wa juu unatosha."

"Mimi hubonyeza yote siku zote. Inakuja haraka."

"Haiji haraka, bosi. Inasimama hapa mara mbili, na waliomo wanachelewa."

Msimamizi alimkodolea macho. Mlango ukafunguka, akataka kuingia.

"Watoke kwanza, bosi," Mama Chai alisema kwa upole.

Watu watatu walitoka. "Asante, mama," mmoja alisema.

Walipanda. Mama Chai hakujua kama amejiokoa au amejimaliza. Ghorofa ya tisa alimimina chai, nayo ilikuwa inatoa mvuke. Msimamizi akanywa, akatazama ndani ya kikombe.

"Miaka sita nabonyeza yote," alisema. "Huenda siku nyingine chai nimeichelewesha mimi mwenyewe."

Akatoa barua mfukoni, akaitia sahihi, akampa. Mama Chai aliipokea. Aliisoma, akaisoma tena.

"Bosi, hii ni ya kubaki?"

"Ya kubaki. Na Jumatatu nitawakusanya wafanyakazi wote, utufundishe namna ya kupanda lifti."

"Mimi? Niwafundishe wakubwa?"

"Wewe. Mimi nitakaa mstari wa mbele."